Majibu ya Ndama wa Tumaini

Mwanangu Salma,

Uko chumba cha pili. Nasikia zipu ya begi lako ikikataa na mama yako akikuambia ulikalie, nami niko hapa mezani nakuandikia kama mtu aliye mbali. Bismillahi. Ningeweza kuinuka tu, nikaja mlangoni, nikasema kwa mdomo. Lakini unanijua. Jambo zito likinifika mdomoni hugeuka kuwa habari ya chai.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili. Ulikuwa umechuchumaa zizini, mama yako kamkumbatia ndama shingoni, wewe unang'oa nywele za mkia wake, unahakikisha zimetoka na mizizi, unazitia kwenye bahasha ya kwenda nazo kupimwa. Ndama akarusha teke, mkacheka wote wawili. Halafu, bila kuinua kichwa, ukaniuliza: "Baba, majibu yake yakitoka huko, nikuambie?" Nami nikasema maji yamechemka, njooni mnywe chai. Ukaja ukanywa chai. Hukuuliza tena, na mimi nikajifanya nimesahau. Sikusahau. Barua hii ndiyo jibu lako, ila linakuja kwa mwendo wangu, nivumilie.

Mambo ya sweta na soksi siyagusi. Mambo ya chakula halali huko Uholanzi shangazi yako ameshayamaliza, na swala hukuhitaji kukumbushwa tangu ukiwa mdogo. Mimi nataka kukueleza habari ya ng'ombe wetu, ambayo unaijua kunishinda. Unaijua kwa kitabu na kwa hadubini. Sasa isikie kwa upande wangu, mimi niliyekuwa nikimwaga majani.

Ulipozaliwa, bibi yako alikuja kutoka Mumias na mtamba. Kwao mjukuu wa kwanza wa kike huletewa ng'ombe na upande wa mama yake, asije akakosa maziwa kwenye nyumba ya watu. Nyumba ya watu ndiyo hii yangu. Alishuka kwenye lori la mahindi pale Jogoo Road, akaingia Kaloleni kwa miguu, kamba mkononi, watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Mimi nilisimama mlangoni sijui nicheke au nijifiche. Nikamuuliza, Mama, ng'ombe huyu atakaa wapi? Akanitazama akasema, "Wewe unakaa wapi?" Nikatafuta mabati, nikajenga zizi nyuma ya nyumba upande wa reli.

Mama yako akampa jina Baraka. Alikuwa mdogo, mweusi, mwenye nundu, na alikula chochote: maganda ya ndizi na majani ya kabichi niliyookota sokoni Marikiti, nyasi za kando ya reli. Maziwa yake yalitosha chupa yako na chai yetu. Basi. Nilimwonea haya, Salma. Kazi ya godauni ilipokwisha na nikaamua nitauza maziwa, nilimtazama yule ng'ombe nikaona ni umaskini umesimama kwa miguu minne.

Ndipo nikampata Njoro, yule wa mbegu za mafahali. Unamkumbuka na pikipiki yake na mtungi unaotoa moshi wa baridi. Watoto mlikuwa mkimwita mchawi. Alinifunulia kitabu chenye picha za mafahali wakubwa kama mabasi, kila mmoja na jina lake na sifa za binti zake. Nikamwonyesha Baraka, nikamuuliza kama kuna la kufanya. Akacheka. Akasema, "Buda, huyu anakukopesha tumbo tu. Mtoto ni wa baba."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Hivyo ndivyo tunavyohesabiana. Wewe ni Salma binti Juma, mimi ni Juma bin Rashid, na wa juu yake na wa juu yake nimefundishwa kuwataja. Mtu akija kuposa huulizwa baba yake nani. Hata mahakama ya kadhi huanza hapo. Kwa hiyo nikachagua fahali, nikamlipa Njoro, na Baraka alipozaa Nuru, mwenye mabaka meupe na mapaja kama ya baba yake pichani, nilipita kila mlango nikitaja jina la fahali yule utadhani nimeoza binti kwa waziri.

Nuru alikimbia zizini kama huyu wa sasa. Alinyonya vizuri. Baada ya kuachishwa ziwa ndipo yalipoanza. Unamtoa nje kidogo tu, anatetemeka mapaja, anahema kama aliyepanda mlima, anajilaza. Ukimwacha apumzike anainuka. Kesho hivyo hivyo. Nikasema ana njaa. Nikamwongezea nyasi za nepia, nikanunua pumba, nikanunua molasi, nikamtundikia jiwe la chumvi. Anakula. Hilo ndilo lililonitesa, mwanangu, kwamba alikula. Chakula kinaingia, nguvu haitoki. Daktari wa mifugo akamdunga ya kupe, akampa ya minyoo. Jirani wakasema kijicho. Mimi nikamsomea, nimeweka mkono juu ya paji la uso wake. Alikuwa akinitazama kwa adabu kabisa. Akafa amelala ubavu, tumbo lake limejaa.

Nikamlaumu fahali. Nikamwambia Njoro alete mwingine, akaleta. Akazaliwa Subira. Yeye akaishi, ingawa alikuwa mchovu na maziwa yake haba, nikasema hiyo ni tabia. Subira akamzaa Tumaini kwa fahali wa tatu. Tumaini huyo mzima, mnamwona. Subira akazaa tena, yule mwekundu, kwa fahali wa nne, naye akalala kama Nuru. Kila aliyelala nilibadilisha baba. Na katikati ya hayo nikanunua ng'ombe mwingine kule Kware, Zuhura, nikampandisha mbegu hizo hizo za Njoro, na ndama zake wakawa wanaruka ua. Kitu kilikuwa kimesimama mbele yangu kinanipungia mkono. Sikukiona, kwa sababu sikuwa nikitazama upande huo.

Mama yako alikuwa akitazama upande huo, ila hakujua kuwa anatazama. Akikamua huwaita kama bibi yako alivyowaita: Tumaini wa Subira wa Baraka. Nilikuwa nikimtania, nikimwambia ng'ombe hana ukoo wa kike. Ananijibu nimwache na ng'ombe wake.

Kisha wewe ukarudi kutoka chuoni likizo ile, umekonda, na maswali. Ukaniuliza aliyelala wa kwanza alikuwa mtoto wa nani. Nikakutajia fahali, jina lake lote, na nchi yake. Ukasema, namaanisha mama yake. Nikafikiria. Salma, niliwazika wale ndama kwa mikono yangu, na sikuwa na uhakika. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kibao, ungo wa maharagwe magotini, anachambua mawe. Akaanza kutaja bila kuinua macho, fulani wa fulani wa fulani, na wewe ukachora vijiduara na mishale, vile vya waliolala ukavitia weusi. Nilipokuja kusimama nyuma yako nikaona. Mafahali wanne tofauti, na weusi ule unateremka kwenye uzi mmoja tu. Vijiduara vya Zuhura na wanawe vyote vyeupe.

Ukatueleza kwamba mwili wa ng'ombe, kama wetu, umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na ndani ya kila chembe kuna majiko. Mitokondria, ulisema, nikakwambia niachie jina la jiko. Chakula ni makaa, hewa anayovuta ndiyo upepo wa jiko, na moto unaotoka humo ndio nguvu ya mguu na ya moyo na ya maziwa. Jiko likiwa na kasoro, hata ukilijaza makaa hadi juu halishiki. Chembe inahangaika kupata moto bila upepo, inabaki na uchachu, na uchachu ule ndio mtetemo wa mapaja. Nikakumbuka molasi yangu. Nilikuwa najaza makaa juu ya jiko lisilovuta.

Halafu ukasema lile la pili. Majiko hayo yana maandishi yake yenyewe, mbali na yale makubwa yanayoandika rangi na pembe na umbo. Na ndama huyapata kwa mama peke yake. Yale machache anayoingia nayo baba hayapiti mlangoni, huharibiwa pale pale. Njoro angeweza kuniletea mafahali wa dunia nzima.

Nilikuuliza basi mbona Baraka mwenyewe hakulala, na Tumaini halali. Ukachukua ungo wa mama yako. Ukasema, Baba, majiko ni mengi katika kila chembe, mazima na mabovu yamechanganyika kama maharagwe na mawe. Yai moja likitengenezwa, ni kama kuchota gizani. Kiganja kinaweza kuja na mawe mawili, kinaweza kuja na mawe matupu. Baraka alichota vyema. Nuru alichotewa vibaya. Ukaongeza kwamba bado husemi ni hakika, kwamba kuna mambo mengine yanayoweza kuchanganyika humo, na hiyo ndiyo sababu unataka kwenda kusoma zaidi. Nilikupenda sana kwa hilo la kusema bado.

Lakini mama yako alikuwa ameacha kuchambua. Akasema, "Miaka yote mnauliza baba nani. Leo ubaya umepatikana, ndio mmemkumbuka mama."

Ulicheka kidogo ukidhani ni utani. Mimi nilimwona uso. Ng'ombe yule ndiye kitu cha pekee ambacho mama yake aliwahi kuingia nacho nyumbani kwangu, akitembea na kamba, kwa ajili yako. Sasa anaambiwa zawadi ile ilikuja na ugonjwa tumboni. Wewe ukamwambia kwa upole kwamba bibi hakujua, hata ng'ombe hajui, na jiko bovu halina mwenye kosa. Akaitikia, ndiyo mwanangu. Maharagwe ya siku ile yalikuwa na mawe. Tulikula, kila mtu akitoa lake mdomoni kwa adabu, kwani hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa sikia upande wangu mimi. Siku ile ulipokuwa ukieleza, kitu fulani kiliniuma ambacho hakikuhusu ng'ombe. Nilikuwa nakutazama mikono yako ikichora nikafikiri: basi hata huyu. Pua ni yangu, ubishi ni wangu, hilo hata jirani wanasema. Lakini moto unaomwinua asubuhi, kila chembe, kila jiko, mimi sikuwasha hata moja. Ni wa mama yake, na wa bibi yake, na wa mama zao wasiokuwa na jina kwenye orodha yangu ya kina fulani bin fulani. Niliona kama nimetolewa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Ilinichukua siku nyingi kufika mahali pa kusema alhamdulillahi. Unakwenda nchi ya baridi, na moto uliobeba ni wa wanawake wa Mumias, ambao hawajui kuchoka. Kama ungekuwa wangu mimi ningekuwa na wasiwasi.

Ulipotueleza yote hayo, Tumaini alikuwa tayari ana mimba, ya muda mchache. Uliniita pembeni ukaniambia kuna sindano ya kuitoa, bado ni mapema, haitamuumiza sana. Nikakujibu kwa kauli ya dini, kwamba kilichomo tumboni ni siri ya Mwenyezi Mungu. Ukasema sawa, baba. Mwanangu, nilitaja jina la Mungu, lakini aliyekuwa akisema ni woga. Sikuweza kumwambia mama yako kwamba uzi wa Baraka nimeukata kwa sindano ya Njoro. Usije ukanifuata katika hilo. Ukiogopa, sema naogopa. Mungu hahitaji kusingiziwa.

Basi amezaliwa, ni jike, na kwa kuwa ni jike uzi unaendelea. Umemwona anavyoruka. Kila asubuhi natoka baada ya alfajiri naenda kumtazama anainukaje, na kila asubuhi anainuka vizuri, na hiyo hainiambii kitu, maana Nuru naye aliinuka vizuri. Nimezoea kuwa na la kufanya. Bati likivuja napanda, maji yakikatika nabeba. Hapa nimesimama na ndoo mkononi sina pa kuimwaga. Hakuna dawa, umeniambia. Nikiuliza tena utaniambia tena. Nimekaa tu namtazama mtoto anacheza, na ndani yake mkono ulishachota zamani, mawe mengi au machache, na hakuna dua ninayoijua ya kukirudisha kiganja kwenye ungo. Naomba hata hivyo. Naomba bila kujua naomba nini.

Mama yako amekataa kumpa jina. Nilimwambia siku ya saba imepita. Akasema nimwache.

Na kuna Mzee Wafula. Alipita juzi ulipokuwa mjini, akaegemea mabati, akamsifu ndama. Yeye ana shamba kule Ruai, anatafuta jike wa kuanzia. Akauliza lile swali letu sote: "Juma, baba yake nani?" Ulimi wangu ukataja fahali kabla sijafikiri. Akafurahi, akasema tumwachishe ziwa kwanza halafu tuzungumze.

Tangu hapo sina raha. Maana nimegundua kwa nini nilikimbilia chai Jumapili. Nisipojua, naweza kumuuza ndama huyu nikalala. Nitasema baba yake ni fulani, na ni kweli, na Mzee Wafula ataondoka anashukuru. Nikijua, siwezi. Dini yetu inakataza kumuuzia mtu kitu na kasoro yake umeifunika kwa kiganja, hilo nimelisikia msikitini tangu sijaota ndevu. Kwa hiyo nilitaka nibaki mjinga, Salma. Nilitaka wewe ujue peke yako huko baridini, ubebe mzigo huo kila tukizungumza kwenye simu, mimi nikuulize masomo vipi nawe useme mazuri, ili tu mimi nibaki na ruhusa ya kutojua. Baba gani humtwika binti yake hivyo siku ya safari?

Na hata hapo nilikuwa najidanganya, kwa sababu nusu naijua tayari. Kwa hiyo leo jioni, nilipokwambia naenda kununua mkate, nilikwenda kwa Mzee Wafula pale dukani kwa shemeji yake. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya majiko na maharagwe, mpaka shemeji yake akacheka akaniuliza ninauza ng'ombe au ninafungua mkahawa. Lakini Mzee alielewa. Akasema, "Kama binti yako hajasema, mimi sichukui. Akisema, tutaona." Nikarudi na mkate.

Sasa yote yamekuja kukuelemea wewe na ile bahasha ya nywele, na mimi siwezi kukupunguzia. Ningependa barua ya baba iwe na kitu cha kukutegemeza. Sina. Kama majibu ni mabaya, sitakuwa na la kufanya ila kumlisha ndama huyu, nisimpandishe kamwe, nimkalie karibu siku atakayoanza kutetemeka, nikiwa na mama yako pembeni. Kama ni mazuri, nitakwenda kumwambia mama yako kwanza, kabla ya Mzee Wafula, kabla ya mtu yeyote. Hayo ndiyo yote niliyo nayo mkononi.

Usirudi kwa ajili ya hili. Ulimwambia mama yako unaweza kuahirisha safari mpaka ndama aachishwe ziwa. Alinieleza. Ukibaki tutakuwa watatu wa kumtazama badala ya wawili, hakuna kitakachobadilika ila wewe tu. Nenda. Huko kuna watu wanaojua kuhesabu mawe kwenye kiganja. Kaa nao mpaka nawe ujue.

Na jibu langu ni hili: niambie. Usimpe mama yako kwanza ili aniandae, usimwandikie kaka wa jirani aje anisomee. Nipigie mimi.

Najua itakavyokuwa. Tunajuana. Majibu yakiwa mazuri utapiga kelele kabla hata sijasema halo. Yakiwa mabaya utaanza kwa salamu. Shikamoo baba, habari za asubuhi, habari za mama, shangazi hajambo, jirani hawajambo, mvua imenyesha, maziwa yanauzika. Kadiri salamu zitakavyorefuka ndivyo nitakavyokuwa najua. Usione vibaya, usizikate kwa kunihurumia. Salimia zote, mwanangu, moja baada ya nyingine, taratibu. Nitaitikia kila moja. Ukiishiwa na watu wa kuulizia, ndipo useme.

Baba yako,
Juma